Namna ya Kutafuta Mlio wa Injini Bila Kuupata

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyenunua Subaru Impreza WRX iliyotumika na ambaye siku hizi anasikia kitu. Hajui ni kitu gani. Mkewe anasema hasikii, mlinzi wa getini anasikia lakini hajaulizwa, na fundi akiitwa kitu chenyewe kinanyamaza. Kama lako ni Altezza, Chaser au Lancer Evolution, soma vivyo hivyo. Majina ya vyuma yatatofautiana kidogo. Visingizio ni vilevile.

Kwanza tuelewane kuhusu lengo. Kuna watu wanaodhani mlio hutafutwa ili upatikane. Hao ni watu wa Corolla, tuwaache na amani yao. Mwenye WRX anajua kwamba mlio ukipatikana unapewa jina, ukishapewa jina unapewa bei, na bei ikishatoka mdomoni mwa fundi hairudi. Mlio usio na jina hauna gharama. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni kuutafuta kwa juhudi, mbele ya mashahidi, ukitoa fedha kidogokidogo, na kuhakikisha muda wote kwamba hamkutani.

Kelele uliyoilipia

Una bahati ambayo wenye magari mengine hawana: gari lako ulilipendea kelele. Injini yake, EJ20, ya ukoo ulioanza na Legacy mwaka 1989, ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Mabomba ya eksozi yanayotoka pande hizo mbili hayalingani urefu. Moshi wa upande mmoja unawahi, wa upande wa pili unachelewa, na mapigo yanafika kwenye turbo yakiwa yamepishana ovyo. Huko ndiko unakotoka ule muungurumo wa dugu-dugudugu uliokufanya uuze kiwanja cha Kibaha.

Kitaalamu hiyo ni kasoro ya mabomba. Subaru wenyewe waliirekebisha: STI za soko la Japani, kuanzia zile za 2003 hivi, zilipewa turbo ya njia mbili na mabomba yaliyolingana, zikavuta vizuri zaidi tangu chini, zikanyamaza. Vijana walizinunua, wakang'oa mabomba mazuri, wakafunga mabaya, kelele ikarudi, roho zikatulia.

Maana yake kwako ni kwamba hakuna mlio usioweza kusingiziwa muungurumo. Mtu akiuliza, "Hiki nini kinagonga?" jibu ni moja: "Ndivyo Subaru zilivyo." Jizoeze kulisema bila kupepesa macho. Linafaa karibu kila mahali kwa sababu ni kweli kwa sehemu. Nozeli za petroli zinatikatika, valvu ndogo ya mvuke wa petroli nayo inatikatika, turbo inapiga mluzi, na fundi anayejua kazi yake hazihangaikii sauti hizo. Kazi yako ni kuivuta orodha hiyo ya sauti halali mpaka iimeze na hii iliyoanza Jumanne.

Rafiki zako watakuongezea hoja ya Safari Rally. Ni kweli Colin McRae aliishinda mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akaishinda mwaka 2000 kwa Impreza vilevile, kwenye vumbi na mawe ya Kenya. Usiharibu mazungumzo kwa kukumbusha kwamba magari yale yalisindikizwa na helikopta, na kila kituo kilikuwa na kikosi cha mafundi kinachosubiri na spea mkononi. Wewe una namba ya fundi mmoja, nayo tangu asubuhi haipatikani.

Saa ya kusikiliza

Sheria kubwa kuliko zote: usiisikilize injini ikiwa ya baridi. Alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, ndiyo saa ambayo injini husema kweli, na sisi hatujafika huko.

Teshena ya mkanda wa taimingi iliyochoka hugonga mbele ya injini sekunde za mwanzo, kisha hujikaza na kunyamaza. Manifoldi yenye ufa, au gasketi iliyoungua kati ya mabomba na turbo, hutoa tik-tik-tik inayofuata mguu wa mafuta. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajiziba, sauti inapotea. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga kikavu kwa dakika chache mpaka nayo itanuke. Beringi ya konrodi hufanya kinyume. Asubuhi oili ikiwa nzito inavumilia; oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, ndipo inapoanza kubisha hodi.

Hatari umeiona. Mtu anayesikiliza mara mbili tu, gari likiwa la baridi na likiwa la moto, anaipunguza orodha ya washukiwa kwa nusu bila kutoa hata senti. Ukifanya hivyo Jumapili yote itabaki haina shughuli. Dawa ni kulipeleka gari kwa fundi saa saba mchana, kwa kupitia foleni ya Morogoro Road, likiwa limechemka sawasawa. Fundi atafungua boneti, atakanyaga mafuta kidogo, atainamisha shingo, atasema, "Mbona haina kitu, bosi?" Utampa hela ya kuangalia, utarudi nyumbani ukipiga mluzi pamoja na turbo, na alfajiri mlio utakuwa unakusubiri palepale.

Vifaa vya kuepuka

Adui wa mwongozo huu ni bisibisi ndefu.

Kinachokulinda wewe ni fizikia. Bloku ya EJ20 ni ya alumini, na sauti ndani ya alumini hukimbia zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, wakati hewani ni kama 340 tu. Pigo linalotokea nyuma kabisa ya injini linakuwa limeshaenea bloku nzima kabla sikio lako halijaletewa habari. Ndiyo maana ukisimama mbele ya gari unaona mlio unatoka kila mahali, hata kwenye betri. Uache hivyohivyo. Fundi asiye na huruma atachukua bisibisi, atagusisha ncha kwenye kava la valvu na mpini kwenye mfupa wa sikio, atafumba macho, kisha atahamia kwenye alteneta, kwenye kava la taimingi, kwenye ubavu wa bloku. Pale mlio utakapokuwa mkali zaidi, ndipo ulipo. Huyo si mtu wa kukaa naye.

Mwenzake ni yule anayejua hesabu. Kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa kranki. Injini ikiwa sailensi, mizunguko 800 kwa dakika, kranki inapiga zaidi ya mara 13 kila sekunde na kemshafti haifiki saba. Kwa hiyo mlio wa valvu ni mwepesi na wa taratibu, wa chini ni mzito na wa haraka, na sikio lililozoea hutofautisha hivyo viwili hata kabla hujamaliza kupaki. Ukimpata fundi wa namna hii, mkatishe kwa maswali kuhusu rimu.

Yapo na majaribio ya bure ambayo ni lazima uyaepuke mwenyewe. Usisimame mahali pamoja ukapandisha mizunguko, kwa sababu mlio usipotokea gari likiwa limesimama, basi huenda si wa injini hata kidogo. WRX inasukuma tairi zote nne. Ina propela shafti na difu nyuma, na beringi ya tairi la nyuma inaweza kuunguruma kwa namna ambayo mtu akashusha injini nzima kwa dhambi isiyo yake. Usiendeshe taratibu pembeni ya ukuta mrefu na dirisha likiwa wazi, maana ukuta hurudisha sauti ya upande ule peke yake. Usiweke fri kwenye mteremko. Na kwa hali yoyote usichomoe soketi za koili moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma. Silinda ikikosa cheche haisukumi konrodi yake kwa nguvu. Kama mlio ukilegea ghafla ulipochomoa ya silinda fulani, umeshajua silinda, umeshajua ugonjwa, na siku yako imekwisha. Kwa bahati watengenezaji wamekusaidia: plagi za injini hii ziko ubavuni, zimebanana na fremu, na kuzifikia kunahitaji kwanza kutoa betri, chupa ya maji ya waipa na ngozi ya mkono.

Baraza la mlio

Sasa uupeleke hadharani. Pa kwenda ni pale pa kuoshea magari, Jumamosi jioni, maji yakimwagika na spika ikipiga singeli. Fungua boneti, washa, rudi nyuma hatua mbili, usiseme lolote. Watakuja wenyewe.

Huanza kijana wa sabuni. "Teshena hiyo, bro."

Mwenye Forester hawezi kunyamaza. "Teshena wapi? Tapeti hizo. Yangu ilikuwa hivihivi, nikamwaga oili, ikaisha."

Dereva wa bodaboda hata helmeti hajavua. "Plagi."

Nyuma yao, kwenye kiti cha plastiki, yupo mzee aliyeleta Noah yake kuoshwa. Ana soda mkononi na hajageuza hata shingo. Anasema, "Hebu kanyaga mpaka elfu tatu. Haya, achia." Unakanyaga, unaachia, na mizunguko ikiwa inashuka kati ya elfu tatu na elfu mbili inatoka sauti nyingine chini ya zile zote: ko-ko-ko-ko, nzito, ya chuma, ambayo mguu ulipokuwa umekanyaga haikusikika vizuri. Mzee anaweka chupa chini.

"Zima gari, mwanangu."

"Kwani nini, mzee?"

"Konrodi. Zima, usiende nayo popote. Ita brekidauni."

Hapo hata singeli inaonekana kupungua. Kijana wa sabuni anatazama ndoo yake. Neno lililotamkwa si la kutamkwa mbele ya mwenye gari, na kila mtu pale analijua hilo isipokuwa mzee, ambaye ama ana umri wa kutojali au aliwahi kuiendesha konrodi iliyolegea mpaka ikatoka nje ya bloku na kuanguka barabarani. Alichofanya ni jaribio lenyewe. Ukiachia mafuta, nguvu iliyokuwa inaikandamiza konrodi inageuka upande, na nafasi iliyoliwa kwenye beringi inasikika ikipigwa huku na huku.

Fanya yafuatayo. Mwamkie mzee kama ulikuwa hujamwamkia. Mshukuru. Cheka kidogo. Kisha piga kura: teshena moja, tapeti moja, plagi moja, konrodi moja. Wewe una kura ya turufu, na unaipa teshena, kwa kuwa duka la teshena bado liko wazi.

Gerezani na utaratibu wa kubadilisha vitu

Wasiojua hubadilisha spea kwa kufuata uwezekano. Wewe fuata urahisi wa kupatikana. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani utaanza na plagi, kisha koili, kisha teshena ya mtumba kutoka Japani iliyofunguliwa kwenye gari lililogongwa nyuma tu. Utagundua kwamba magari yote yaliyowahi kukatwa duniani yaligongwa nyuma tu. Mbele hakuna aliyewahi kugongwa. Usinunue teshena mpya, na ukishafungua kava usibadilishe mkanda, puli wala pampu ya maji, ingawa pampu hiyo inazungushwa na mkanda huohuo na vyote viko mbele ya macho yako. Mkanda wa Japani hutakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na wako una kilomita zinazosomeka 84,000, kwa mita ambayo hakuna ajuaye imepita mikono mingapi. Mkanda ukiruka meno, valvu na pistoni za injini hii zinakutana. Lakini hilo litakuwa na mlio wake, wa mara moja, na halihitaji mwongozo.

Zipo spea mbili ambazo nakuomba uzifiche hadi mwisho, kwa sababu ni za bei ndogo na mara nyingi ndizo zenye kosa.

Ya kwanza ni bati la kuzuia joto juu ya eksozi. Bolti zake huliwa na kutu, bati linabaki linaning'inia, na kwenye mizunguko fulani linapiga kelele inayoweza kumtia mtu mzima homa. Eksozi ikiwa imepoa, ngumi moja ya upole juu ya bati inatosha kulifanya likiri. Klempu moja ya paipu, ya kuzungusha na kukaza, ndiyo dawa. Umeona jinsi inavyokatisha tamaa: umeshaomba ruhusa kazini, umeshamwambia shemeji gari lipo gereji, na kumbe ni klempu.

Ya pili ni mpira mdogo wa duara kwenye mdomo wa pampu ya pawa stelingi, pale bomba la kuvuta mafuta linapoingilia. Ukikauka pampu inavuta hewa, na kila ukikata kona gari linalia wiii na mafuta kwenye kikopo yanafanya povu. Desturi ni kubadilisha pampu, kisha kubadilisha pampu iliyobadilishwa, kisha kuuza pampu zote mbili. Mpira unabaki palepale.

Turbo yenyewe tusiizungumze sana. Mluzi mwembamba ni afya yake. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, haiwezi kukaa kimya. Ukianza kusikia king'ora cha zimamoto kinachopanda na kushuka pamoja na mguu wako, shafti imelegea. Ukitoa bomba la hewa, injini ikiwa imezimwa na kupoa, ukaishika shafti kwa vidole viwili na ikasogea mbele na nyuma, unayo habari kamili. Kwa hiyo usitoe bomba la hewa.

Kuna na ile sauti ya punje kavu zikirukaruka ndani ya injini, unapopanda mlima kwa gia kubwa na mguu umezama. Petroli inalipuka kabla ya zamu yake. Gari hili lilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango chao haipungui oktani 96 na mara nyingi inauzwa karibu na 100; mara nyingi hata kibandiko kiko ndani ya kifuniko cha tangi, kwa Kijapani. Kompyuta ikisikia milipuko hiyo inarudisha taimingi nyuma kuokoa pistoni, gari linapoteza nguvu, na wewe unaongeza mguu. Mtu wa kawaida angetafuta petroli bora au fundi wa kupanga kompyuta upya. Sisi tunapendekeza spika kubwa zaidi.

Habari za oili

Sura hii ndiyo inayovunja nyumba.

Injini yako inabeba oili ya lita nne na kidogo. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki ni kama lita moja, maana yake gari linaloonyesha alama ya chini limeshapoteza karibu robo ya damu yake. Dipstiki yenyewe ni ya ajabu: upande mmoja unasoma juu, upande wa pili unasoma chini, kwa sababu njiani hupakaza kuta za bomba lake. Chagua upande unaokufurahisha. Zaidi ya hapo subiri taa nyekundu, hata kama taa hiyo haipimi kiasi cha oili bali presha, na presha ikishuka hadi iwake, beringi zimekuwa zikikaukiwa kwa muda. Kwenye kipilefti, ukizunguka kwa kasi ili wanafunzi waone, oili iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu, na bomba la kunyonya linanyonya hewa. Kranki ya injini hii ni fupi, imebanwa na beringi kuu tano, na beringi za konrodi ni nyembamba. Haina subira na hewa.

Kumwaga oili mwaga, lakini filta ya zamani itupwe haraka, ikiwezekana usiku. Wapo mafundi wanaoikata kopo lake, wanaikunjua ile karatasi ya ndani juani, na kuichunguza kunjo kwa kunjo. Wakiona chembe zinazong'aa wanapitisha sumaku. Zinazonaswa ni chuma. Zinazong'aa na sumaku isizitake ni beringi. Kipande cha karatasi chenye mafuta kinakuwa hati ya kifo, na mwenye gari anaombwa akishike mwenyewe.

Ukitaka unafuu wa wiki mbili, weka oili nzito kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Nafasi iliyoliwa inajazwa na uzito, mlio unarudi chini, na kila mtu aliyesema teshena anathibitishwa kuwa alikuwa sahihi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakuwahi kuuza gari.

Endapo utaupata

Ajali hutokea. Unaweza kuwa umefuata kila kitu humu na bado siku moja fundi akakutazama bila kusema "ndogo tu hiyo". Ujue basi kwamba umenunua injini isiyokubali kutibiwa ikiwa kitandani. Kwenye Toyota nyingi za silinda zilizosimama, fundi angeshusha sampu chini na kuzifikia beringi za konrodi akiwa amelala chali. Bloku ya EJ20 imegawanyika mapande mawili katikati kama mkate, kranki iko ndani ya mkate huo, na ili kuyatenganisha ni lazima injini itoke kwenye gari, vichwa vitoke, kisha pini za pistoni zivutwe moja moja kupitia matundu ya mbele na nyuma ya bloku yaliyozibwa kwa vifuniko vya skrubu. Fundi anayekwambia "tutabadilisha beringi tu, kesho jioni unachukua" ama hajawahi kuifungua, ama ameshaifungua na bado anahitaji hela yako.

Atakayekupenda atakushauri injini ya mtumba. Itakuja imefungwa kwenye nailoni, imeoshwa kwa petroli hadi inang'aa, na muuzaji ataizungusha puli kwa mkono kukuonyesha kwamba ni laini. Kila injini huzunguka kwa mkono ikiwa imelala sakafuni. Unabadilisha mlio unaoujua kwa mlio ambao hujatambulishwa, na kwenye kadi ya gari namba ya injini ni ile ya zamani, kwa hiyo kuna foleni nyingine inakungoja.

Wengi katika hatua hii hufunga valvu ya turbo ya kutoa hewa nje, ile ya pssshh. Ya kiwandani huirudisha hewa ndani, kwa kuwa kompyuta ilishaipima na kuigawia petroli yake. Ukiitupa nje, petroli inabaki nyingi, gari linakohoa moshi mweusi kila ukibadilisha gia. Lakini pssshh ile inasikika mtaa wa pili, na mtu anayetazama moshi wako hasikilizi konrodi.

Kuuza

Njia pekee ya kutoupata mlio kabisa ni kuupa mwenyewe mwingine. Tangazo liwe fupi: Impreza WRX, namba D, bluu, rimu za dhahabu, AC kipupwe, injini haijaguswa, bei maelewano. Hapo kwenye injini kuwa haijaguswa hujasema uongo, na ndiyo shida yake. Ongeza kwamba EJ20 haitengenezwi tena. Ni kweli: Subaru waliiaga kwa toleo la mwisho la STI 555 tu, lenye rimu za dhahabu, kwa heshima ya namba iliyokuwa ubavuni mwa magari yao ya rali. Historia ya aina hiyo hupandisha bei hata ya gari linalogonga.

Onyesha gari jioni, likiwa la moto, lenye oili nzito, muziki ukiwa juu kidogo tu. Anayeuliza kwanza kuhusu spika mpe kiti na maji baridi. Anayesema babu yake aliiona Safari Rally mwachie funguo azunguke mtaa. Anayeomba karatasi ya mnada ya Japani mwonyeshe namba ya daraja kubwa iliyo juu, na kidole gumba chako kibaki juu ya yale maandishi madogo ya mkono chini, ambako mkaguzi aliandika kila kitu alichosikia.

Atabaki mmoja. Atapiga simu kukuuliza unakaa wapi, kisha atakuomba aje saa kumi na mbili asubuhi, na usiliwashe gari kabla hajafika, maana atataka kwanza kuigusa boneti kwa kiganja. Ukimchungulia dirishani utaona mpini wa bisibisi umechomoza mfuko wa nyuma. Mwambie gari limeshauzwa.